Sajini Isham Kwenye Chemchemi

Miss Lavinia alinipigia simu nikiwa kwenye maegesho ya hospitali moja ya Richardson, karibu na Dallas, nimetoka tu kumtafsiria mama wa Kikongo aliyekuja kupimwa sukari. Alisema, "Odell ametutoka, mwanangu," kisha tukawa tunasikilizana tunavyopumua mpaka gari la nyuma yangu likapiga honi. Odell alikuwa kaka yake. Alikuwa mtu mzima sana, mwenyewe akipenda kusema kwamba ameshawazika madaktari wake wote, kwa hiyo hakuna aliyepaswa kushangaa. Jumamosi niliendesha kwenda Houston na binti yangu. Nje ya kanisa walimsimamisha farasi aliyetandikwa, hana mpandaji, mabuti yamewekwa yakitazama nyuma, kama anavyoagwa askari wa farasi, na wazee wachache waliobaki wa chama chake cha wapanda farasi walijipanga na makoti yao ya buluu yaliyowabana tumboni. Nililia kuliko nilivyotarajia. Tukiwa njiani kurudi, tumeshaipita Huntsville, binti yangu akaniuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili hunijibu nacho akitaka kitu tu, yule mzee alikuwa nani kwangu. Nikamwambia alikuwa rafiki. Akasema, mtu hamlilii rafiki hivyo. Nilitafuta pa kuanzia mpaka tukafika Corsicana, na kutoka Corsicana mpaka taa za Dallas zikaanza kuonekana, sikupapata. Ndiyo maana naandika, na ninaandika kwa Kiswahili, hata kama itabidi nimsomee mwenyewe mstari kwa mstari.

Mwaka ninaoutaka nilikuwa na miaka ishirini na minne, nasoma historia katika chuo kimoja cha Houston, nimebakiza mwaka mmoja kumaliza. Nilikaa Stafford, katika nyumba ya vyumba viwili niliyopanga na Nyambura, nesi wa Kikenya aliyenizidi miaka kumi na kunizidi zaidi katika kuijua Marekani. Sebuleni tulikuwa na kochi moja la rangi ya maharage na meza ya kupigia pasi, ambayo ndiyo iliyokuwa meza yangu ya kusomea. Kila asubuhi Nyambura alirudi kutoka kazini, akavua viatu mlangoni, akabandika chai ya maziwa, akapiga simu nyumbani huku spika iko wazi, kwa hiyo niliwajua jamaa zake wote wa Nyeri kwa sauti kabla sijawaona kwa picha. Kiswahili changu cha Iringa kilimchekesha. "Wewe unaongea kama redio," alikuwa akiniambia, "hata ukiitisha chumvi ni kama unasoma habari." Ni yeye aliyenipeleka kwa gari lake, siku ya kwanza, kwenye nyumba ya makumbusho ambako chuo kilinipangia kufanya mafunzo ya vitendo. Tulipofika aliangalia ile nyumba kwa muda, nyumba ya mbao yenye baraza, iliyopakwa rangi mpya upande wa mbele tu, katika mtaa wa zamani wa watu weusi ambao tayari maghorofa ya kioo yalikuwa yameanza kuuchungulia. "Veneranda," akasema, "wenzako wako hospitali, wako benki. Wewe umepewa banda."

Nyumba ile ilikuwa ya chama cha wastaafu waliopenda farasi. Miongoni mwao kulikuwa na dereva wa basi, fundi bomba na mwalimu wa hesabu, na mkubwa wao alikuwa Mista Odell, aliyefanya kazi ya kugawa barua maisha yake yote na bado alitembea kama mtu mwenye mkoba begani. Jumamosi walivaa sare za buluu wakaenda kwenye shule na kwenye maandamano ya barabarani, kuwakumbusha watu habari za kikosi cha wapanda farasi weusi cha karne ya kumi na tisa. Kikosi kile kiliundwa baada ya vita vilivyomaliza utumwa. Wengi wa askari wake walizaliwa watumwa, na miaka michache baada ya kuwa huru walikuwa juu ya farasi, katika ngome za magharibi mwa Texas, wakilinda barabara za posta na walowezi, na kupigana na wenyeji wa nchi ile, Wakomanche na Waapache. Wenyeji ndio waliowaita askari nyati. Wapo wanaosema ni kwa sababu ya nywele zao, na wapo wanaosema ni kwa jinsi walivyopigana; Mista Odell alisema ni kwa sababu zote mbili na hakutaka mjadala. Kazi yangu ilikuwa kuandika maneno ya mabango yatakayotundikwa ukutani, chumba baada ya chumba, ili mgeni akiingia mlango wa mbele na kutokea jikoni awe ameijua historia nzima.

Siku ile ya kwanza Mista Odell alinitazama kutoka viatuni kwenda juu. "Niliomba mtu anayejua kuandika," akasema, "wakaniletea mtu kutoka Afrika. Unajua kupanda farasi?"

"Hapana, Mista Odell."

"Vizuri. Wanaodhani wanajua ndio wanaonivunjia uzio."

Alikuwa na sharti moja: sitaandika neno lolote juu ya wapanda farasi mpaka nimekaa juu ya farasi. Kwa hiyo miezi ya kwanza ya mafunzo yangu ya historia niliimalizia kwenye banda lao la farasi, kusini mwa mji, nikizoa samadi na kusafisha kwato, na kumpanda farasi mzee wa rangi ya udongo aliyeitwa Deacon, yaani Shemasi, kwa sababu alipenda kusimama ghafla na kuinamisha kichwa. Nilianguka. Nikaanguka tena. Mista Odell hakunikimbilia hata mara moja. Alisubiri nisimame, kisha aliniuliza nilikuwa natazama wapi. "Ukitazama chini ndiko utakakokwenda, binti. Mtazame mbele ya masikio yake." Siku nilipozunguka uzio mzima kwa mwendo wa kukimbia bila kushika tandiko, hakunisifu, ila aliporudi nyumbani alimwambia dada yake aniwekee sahani. Tangu hapo Jumamosi zangu zote ziliishia jikoni kwa Miss Lavinia.

Kama kuna chumba kimoja cha Houston ninachoweza kukichora nikiwa nimefumba macho, ni jiko lile. Meza ilikuwa na kitambaa cha plastiki chenye picha za malimau, dirisha lilitazama uani ambako matandiko yalianikwa juu ya waya, na sufuria ya mboga za majani ilikuwa motoni tangu asubuhi pamoja na kipande cha nguruwe wa moshi. Kulikuwa na maharage mekundu juu ya wali, bamia za kukaanga, na mkate wa mahindi ambao mara ya kwanza niliusogeza pembeni nikidhani ni keki ya baadaye. Miss Lavinia, ambaye hakuwa ameolewa na hakutaka kuulizwa, aliniambia nimkumbuke Mungu nikila bamia zake. Nilimwambia hata kwetu tunapika mboga vile vile, ila tunatia karanga, akataka nimwoneshe, na Jumamosi iliyofuata wazee wote wa chama walikula mchicha wa karanga wakitazamana. Nilikuwa nikiosha vyombo huku wakibishana nyuma yangu, kama ni halali kuvaa miwani ya macho ukiwa na sare ya karne ya kumi na tisa, na kama dereva wa basi apunguze tumbo au sare iongezwe. Ndani ya kelele hizo Mista Odell alikuwa akinipa, kidogo kidogo, habari za Isham.

Isham alikuwa babu wa baba yake. Alizaliwa mtumwa kwenye mashamba ya miwa, upande ule ule wa Stafford na Sugar Land. "Unalala alikokata miwa," Mista Odell aliniambia siku nilipomtajia ninapokaa, na kwa muda mrefu baada ya hapo kila nilipokwenda kufua kwenye mashine za chini niliitazama nyasi iliyokatwa vizuri pale nje kwa jicho jingine. Uhuru ulipokuja Isham alitembea kwa miguu mpaka Louisiana, kwa sababu alisikia jeshi linaandikisha watu weusi. Hakujua kusoma, aliweka alama ya msalaba. Kule ngomeni kasisi wa kikosi aliwafundisha askari kusoma jioni, na Isham akajua kusoma, akapanda cheo mpaka usajini, akalinda magari ya posta katika nchi kavu ambayo maji yake yako mbali mbali. "Yeye alilinda barua, mimi nikazibeba," Mista Odell alisema, na hiyo ndiyo sentensi pekee niliyomsikia akiirudia kwa kila mgeni. Kuhusu vita vyenyewe alisema kidogo. Walikuwepo, walipigana, walirudi. Nami sikumsukuma, kwa sababu nilikuwa nimeshaipenda ile meza ya malimau.

Majira ya baridi chama kilialikwa kwenye maandamano ya Fort Worth, sehemu ile ya zamani ya minada ya ng'ombe. Tulikwenda na magari mawili yanayovuta farasi. Kazi yangu ilikuwa kuwashika wanaposubiri, na kwa kuwa kulikuwa na baridi kali Mista Odell alinivika koti la akiba la buluu, lenye vifungo vya shaba. Nakiri nilijisikia mrefu ndani ya koti lile. Watoto walinipungia mkono. Mama mmoja Mwafrika, nadhani Mkenya kwa lafudhi yake, alipaza sauti, "Dada, hata wewe uko huku!" tukacheka wote. Maandamano yalipokwisha nilisimama kwenye foleni ya kahawa, na mbele yangu alikuwapo mwanamke wa makamo, mfupi, nywele zake zimefungwa nyuma, aliyegeuka akalitazama koti kabla ya kunitazama usoni.

"Unajua koti hilo lilifanya nini?" akaniuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua ninachokijua.

Jina lake lilikuwa Ramona, msimamizi wa maktaba ya shule hapo hapo Fort Worth, Mwapache kwa pande zote mbili, watu wake wakitoka milima ya New Mexico. Tulikaa na kahawa zetu juu ya ukuta mfupi. Alinisimulia kwamba mwaka mmoja watu wake walivuka nchi kavu ya magharibi mwa Texas, wakikimbizwa, wanaume na wanawake na wazee. Jeshi liligundua kwamba si lazima kuwafukuza. Lilikaa juu ya maji. Katika kila chemchemi waliyoijua walikuta askari wameshafika. "Bibi wa bibi yangu alikuwa mtoto mdogo," alisema. "Walilala kilimani wakiyatazama maji kwa chini. Waliona farasi wa askari wakinyweshwa. Alikuwa na mdogo wake anayenyonya, na maziwa ya mama yao yalikauka. Hawakumzika mahali tunapopajua." Kisha akanywa kahawa. "Askari waliokuwa pale walikuwa weusi. Bibi alisema hivyo bila chuki. Alikuwa anaeleza tu walivyoonekana."

Njia nzima ya kurudi Houston nilikaa nyuma nikijifanya nimesinzia. Sikuwa nalifikiria jambo geni. Bibi yangu mwenyewe, karibu na Kalenga, alikuwa akitusimulia aliyoyasikia kwa mama yake: Wajerumani walipokuja kuwavunja Wahehe, waliochoma maghala ya nafaka kwa mikono yao walikuwa askari weusi kama sisi, waliotoka huko na huko. "Walikuwa wanafanana na wajomba," bibi alisema, "ndiyo maana watu hawakukimbia mapema." Nilikulia upande wa waliochomewa. Na sasa nilikuwa nimevaa koti, nimepungiwa mikono na watoto, nimelipenda jiko la mjukuu wa askari. Mbele yangu Mista Odell alikuwa akimweleza dereva jinsi Shemasi alivyoinamisha kichwa mbele ya jukwaa la wakubwa, na wote wawili walikuwa wanacheka.

Niliandika bango la chumba cha mwisho majira ya baridi yale, juu ya meza ya pasi, nikafuta, nikaandika. Nilimpigia Ramona mara kadhaa kuhakikisha sijapotosha. Nilitaka maji yawemo na mtoto awemo. Na nilitaka pia kumlinda Isham, kwa sababu nilikuwa nampenda kama unavyompenda mtu uliyesimuliwa habari zake ukiwa unakula. Nilipomaliza ilisomeka hivi: Walitumwa kukalia chemchemi, na watu waliokuwa wakinywa hapo tangu zamani, pamoja na watoto wao wachanga, wakazuiwa maji, na wengine wakafa. Nililitazama neno la kwanza nikaridhika nalo. Lilikuwa neno la huruma. Liliusogeza mzigo kutoka kwa watu wa kawaida na kuupeleka kwa wakubwa, mbali, ambako niliona ndiko kwake.

Nyambura alilisoma amesimama, kikombe mkononi. "Hii itakuletea shida," akasema. "Si ungeacha tu? Ni project ya shule. Andika wanavyotaka, u-graduate, ndio baadaye uandike kitabu chako."

"Na mtoto?"

"Mtoto gani?"

"Aliyekufa."

Alikaa kwenye kochi. Alikuwa ametoka zamu, miguu imevimba. "Mimi nimeona wengi wakienda, Veneranda," akasema taratibu. "Wazee wa hawa watu, ndio naosha kila siku. Kuna vitu hawataki kusikia wakiwa wamebaki na miaka kidogo. Hiyo nayo ni kitu ya kufikiria." Niliifikiria. Ila nilimpelekea Mista Odell karatasi Jumamosi ile.

Aliisoma mezani, juu ya malimau, akifuata mistari kwa kidole. Alipofika mwisho alirudi katikati, akasoma tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, nimepanga hoja zangu kama mwanasheria. Hakuzihitaji. Aliikunja karatasi mara mbili, akaiweka chini ya kopo la chumvi, akachukua kofia akaenda uani. Miss Lavinia alinipakulia chakula bila kunitazama. Baadaye nikiwa nafuta jiko, dirisha liko wazi, nilimsikia akimwuliza kaka yake huko nje kama hatakula. Mista Odell akasema, "Sikudhani lingetoka kwa yule. Lingetoka kwa mwingine ningeelewa." Nilikunja kitambaa cha kufutia, nikatoka kwa mlango wa mbele.

Hakunikataza. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Miss Lavinia alinipigia akaniambia Odell amesema mabango yote yachapishwe kama yalivyo, kazi ya kuandika nilipewa mimi. Lakini nilipokwenda bandani nilimkuta fundi bomba amepewa kazi ya kunifungulia lango, na Mista Odell yuko upande wa pili wa uwanja, mgongo kwangu. Majuma yakapita. Wazee walinisalimu kwa adabu waliyoitumia kwa wageni. Mwalimu wa hesabu, ambaye alikuwa mpole kuliko wote, aliniambia siku moja tukiwa tunapakia matandiko, "Binti, sisi shuleni tulifundishwa kwamba watu wetu hawakuwahi kufanya kitu. Halafu tukawapata hawa. Unaelewa?" Nilielewa. Nilielewa vizuri mno, na jioni nyingine nilikaa nimeshika simu nikitaka kumwambia mpiga chapa asimamishe. Nikawaza nitakavyoweza kumtazama bibi usoni nikirudi Iringa. Sikupiga.

Siku ya ufunguzi ilikuwa ya masika, joto la Houston limeshaanza kushika shingo. Watu walijaa barazani. Wazee wa chama walikuja na sare, vifungo vinang'aa, na Nyambura alikuja na chapati, akazipanga karibu na mkate wa mahindi wa Miss Lavinia kama mashindano. Mista Odell hakuja. Ramona alikuja, ameendesha peke yake kutoka Fort Worth. Alipita vyumba vyote polepole kama msimamizi wa maktaba. Katika chumba cha mwisho alisimama muda mrefu, akagusa bango kwa ncha ya kidole, pale palipoandikwa watoto wachanga. Hakuniambia ni zuri. Aliniuliza yule mzee yuko wapi.

Miss Lavinia alikuwa amesimama mlangoni na bakuli. "Yuko bandani," akajibu. "Mpeleke, Veneranda. Amenuna vya kutosha."

Tulimkuta amevaa ovaroli, anamsugua Shemasi mgongo. Nilimwambia mgeni wangu ni nani, na habari ya yule mtoto aliyekufa, mdogo wake bibi. Aliacha brashi, akavua kofia, akafuta mkono kwenye suruali kabla ya kuutoa. Ramona aliushika. Walisimama hivyo, farasi katikati yao akitikisa sikio kuwafukuza nzi.

"Nimesoma ukuta wenu," Ramona akasema.

"Mimi sijausoma ukiwa umetundikwa," akajibu. "Lakini nayajua maneno. Kuna moja si la kweli."

Nilifungua mdomo. Alininyooshea kiganja, bila hasira, kama anavyomtuliza farasi.

"Huyu binti ameandika walitumwa. Bibie, babu yangu alitumwa tangu alipojua kutembea mpaka akawa mwanamume. Alitumwa kukata miwa, alitumwa kuchota maji, walitaka kumtuma hata amwoe nani. Siku aliyokwenda jeshini ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwuliza, unataka? Akasema nataka. Alitembea mwenyewe mpaka Louisiana kwenda kusema nataka. Muda wake ulipokwisha wakamwuliza tena, akasema tena." Alitazama kofia yake. "Alikwenda kwenye yale maji. Alikaa juu yake na bunduki. Mtu aliyekuwa anajua kiu kuliko mtu yeyote. Mimi siwezi kukueleza kwa nini, na nimelifikiria tangu nilipokuwa nabeba barua. Lakini ukiandika alitumwa, umemrudisha shambani. Na wewe pia, bibie, amekunyang'anya. Amekuachia mdogo wake bibi yako amekufa na hakuna mtu aliyefanya."

Ramona aliweka mkono wake shingoni mwa Shemasi, akauacha hapo. "Asante," akasema. "Nimechoka kuambiwa ilikuwa serikali."

Sikujua kama nina haki ya kusema kitu, lakini nilisema. Niliwaambia kwamba bango nililiandika kwa Kiingereza huku nikiliwaza kwa Kiswahili, na katika Kiswahili neno lile tunalotumia kwa aliyetumwa ndilo limezaa neno letu la mtu asiye huru. Anayetumwa, mtumwa. Nilikuwa nimezisema herufi hizo tangu utotoni bila kuzisikia. Mista Odell aliniomba niyatamke yote mawili. Nikayatamka. Alijaribu kuyasema mwenyewe, la kwanza, kisha la pili, kwa ulimi wake wa Texas, na akatikisa kichwa taratibu.

"Sikukasirika kwa ajili ya maji, binti," akaniambia. "Habari ya maji nilikuwa naijua. Nilikuwa nasubiri mtu mwenye moyo wa kuiandika. Nilikasirika kwamba umeiandika ukanionea huruma."

Kazi ninayoifanya leo inatokana na dakika zile, ingawa wakati ule nilidhani tu kwamba nimefundishwa adabu. Nakaa katikati ya daktari na mama aliyekimbia vita, au katikati ya hakimu na kijana, na mara nyingi neno la huruma linanijia mdomoni kabla ya neno la kweli. Mama anasema nilikwenda, nami najua alivyokwenda, najua ni nani aliyekuwa nyuma yake, na ulimi unataka kusema alipelekwa. Nasema alikwenda. Nimewahi kuulizwa na wenzangu kama sina moyo. Mimi nawaza juu ya bibi na wale waliofanana na wajomba. Nilipokwenda likizo mwisho wa mwaka ule nilimwuliza kama mama yake alisimulia majina ya askari wale, walikuwa watoto wa nani. Bibi alinitazama kwa mshangao. Akasema jina moja alilijua, la mtu aliyebaki, akaoa kijiji cha pili, akalima, na watoto wake walisoma na watoto wetu. Hakuna aliyewahi kumwuliza bibi swali lile.

Bango jipya lilitoka Ijumaa iliyofuata ile siku ya ufunguzi. Niliomba wabadilishe neno moja na jina liongezwe, Sajini Isham na wenzake walikwenda kukalia chemchemi, mengine yote yabaki. Mista Odell alikuja asubuhi kabla ya wageni, na shati lake la zamani la posta na bisibisi mfukoni. Tuliliteremsha la kwanza tukaliegemeza ukutani. Yeye alishika upande mmoja wa jipya na mimi mwingine, akaniambia niinue kidogo, kushoto, nishushe, basi. Alikaza skrubu zote kwa mkono wake. Kisha akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa dirisha, akavaa miwani, akasoma kuanzia juu, midomo ikicheza, bila kuruka maji wala watoto. Alipomaliza aliivua miwani akaifuta kwa pindo la shati.

"Sasa Isham yumo," akasema, akaenda kufungua mlango wa mbele.